Katanga Wakati wa Vita Kubwa

(Maneno ya karani mmoja wa mgodi mbele ya wafanyakazi na watu wa mji, Malemba-Nkulu)

Wandugu, wamama na wababa, na ninyi vijana mliosimama kule mlangoni,

Nimeombwa kusema juu ya maisha ya watu wa Katanga katika vita ya 1940 mpaka 1945. Mimi si profesa. Mimi ni karani wa mgodi. Kazi yangu ni kuandika tani zinazotoka na kuhesabu watu walioingia kazini asubuhi. Basi nitasema kama karani: nani aliandikwa, na nani hakuandikwa.

Wengi wetu vita ile tumeisikia kwa wazee tu. Nkambo wangu, baba ya mama, alikuwa kijana wakati ule. Alipiga kasia pamoja na kaka yake kupeleka samaki wakavu Bukama. Alituambia kwamba hakuona Mjerumani hata mmoja. Kwake vita ilikuwa bei ya chumvi na ya kitambaa, na kapita aliyekuja kuhesabu wanaume wa kijiji.

Mambo yalianza hivi. Tarehe 10 Mei 1940 Wajerumani waliingia Ubelgiji. Tarehe 28 ya mwezi uleule mfalme Leopold wa Tatu akaweka silaha chini. Huku Kongo gavana mkuu, Bwana Pierre Ryckmans, akasema koloni itaendelea na vita upande wa Waingereza. Hakuna mtu mweusi aliyeulizwa. Serikali ya Ubelgiji ikakimbilia London, na huko haikuwa na inchi tena wala viwanda. Ilikuwa na Kongo. Ilikula, ililipa watu wake na kununua silaha kwa shaba, bati, zahabu na mawese ya huku.

Pengine mtauliza shaba ilikuwa ya nini. Kila risasi ina ganda lake, na ganda hilo ni shaba iliyochanganywa na zinki. Waya ya simu ni shaba, waya ya umeme ni shaba, na ndani ya meli ya vita mna shaba kila mahali. Katika mwaka 1942, na tena katika 1944, Union Minière ilitoa zaidi ya tani 150,000. Kobalti yetu ilitiwa katika chuma kigumu cha kukatia vyuma vingine. Almasi ya Bakwanga, ile isiyofaa kwa pete, ilikwenda kusaga vyuma vya silaha.

Halafu walikuja Wajapani. Si kwetu, lakini tuliona matokeo yake. Desemba 1941 waliingia Malaya, na Februari 1942 wakachukua Singapore. Inchi zile, pamoja na visiwa vya Waholanzi, ndizo zilizokuwa zikiipa dunia sehemu kubwa ya bati na mpira. Ghafula wakubwa wakageuza macho. Bati la Manono na la Mitwaba, majirani zetu, likawa kitu cha haraka, maana bila bati hakuna kopo la nyama la kumpelekea askari. Na mpira wa pori, ambao wazee walidhani umekwisha pamoja na siku za Leopold wa Pili, ukarudi.

Hapa ninataka kukaa kidogo. Ilikuwako sheria ya 1933 iliyoruhusu serikali kumlazimisha mtu wa kijiji kufanya kazi siku 60 kwa mwaka. Mwaka 1942 siku hizo zikafanywa 120. Hesabuni, wandugu: ni miezi minne. Mtu anaacha shamba, anaingia msituni kutafuta kamba za mpira, analala huko, anakata, anangoja maziwa yake yagande, anabeba kwenda kupimiwa. Kipimo kikipungua kuna faini, kuna gereza, kuna fimbo. Na shamba lililoachwa analima nani? Mke wake. Tena huyohuyo mke anatakiwa kutoa muhogo wa kuuza, kwa sababu kambi za wafanyakazi zinataka unga. Katika vitabu mtasoma maneno mawili tu, «juhudi ya vita». Maneno hayo hayaonyeshi mgongo wa mwanamke.

Na samaki wetu vilevile. Samaki wa Kisale na wa Upemba walikaushwa, wakapandishwa mto mpaka Bukama, wakatiwa katika gari la moshi kwenda kwenye migodi. Ninalisema kwa watu wa Malemba maana tunazoea kufikiri kwamba vita ilikuwa ya Elisabethville na Jadotville, na sisi tulikuwa tukitazama mto. Hapana. Mtu wa Elisabethville aliyekula posho yake jioni alikula kazi ya mtu wa hapa.

Sasa twende mjini. Kambi zilikuwa na nyumba katika mistari iliyonyooka, na mkuu wa kambi aliyejua nani amelala na nani amekuja kutembea. Posho ilitolewa kwa juma: unga, mawese, chumvi, nyama au samaki. Hospitali ilikuwako, na shule ya wamisionari ilikuwako. Sitayakana hayo, mimi mwenyewe ni matunda ya shule ya namna hiyo. Lakini meli zilikuwa zikibeba vitu vya vita, vitambaa havikuja, na vile vilivyokuja vilipanda bei. Mshahara haukupanda pamoja navyo. Kazi iliongezwa, kwa maneno ya kwamba kila mtu lazima atoe nguvu kwa ajili ya ushindi. Mfanyakazi aliporudi nyumbani na falanga zake, mke wake alizitazama na kuuliza zimekuwaje ndogo hivi.

Katika mwaka huo 1941 wafanyakazi wazungu nao walikuwa wakijikusanya na kudai nyongeza. Weusi waliona. Kwa nini wasione? Walifanya kazi katika kiwanda kimoja. Mwanzoni mwa Desemba kazi ikasimama Jadotville na Panda, kisha Elisabethville. Tarehe 9 Desemba watu walikusanyika penye kiwanja cha kuchezea mpira huko Elisabethville, na wake zao na watoto wakiwa karibu. Gavana wa jimbo, Bwana Amour Maron, akaja mwenyewe pamoja na askari. Msemaji wa wafanyakazi alikuwa Léonard Mpoyi. Wazee wa Lubumbashi wanasimulia kwamba Mpoyi alijibu bila kutetemeka kwamba mshahara hautoshi na watu hawatarudi kwa ahadi tupu, na kwamba Maron alimpiga risasi kwa mkono wake. Baada ya hapo askari wakapiga katika watu.

Walikufa wangapi? Kitabu kimoja kinasema 48. Kingine kinasema karibu 70. Watu wa kambi walihesabu kupita hapo. Wandugu, katika daftari ninaloandika mimi, tani moja ikipungua ninaitwa ofisini siku ileile, nami nitasimama mbele ya meza mpaka ipatikane. Lakini hapa watu zaidi ya ishirini wanapungua na kuongezeka kati ya kitabu na kitabu, na hakuna karani aliyeitwa. Mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947, hakuwa amezaliwa siku ile. Hata hivyo alipoichora historia ya inchi miaka ya 1970 aliwachora wafu wale. Aliipata kwa midomo ya watu.

Mtu mweusi aliruhusiwa kuwa na sendika yake mwaka 1946 tu, vita ikiwa imekwisha, tena chini ya jicho la serikali.

Na sisi makarani tulikuwa wapi? Nisiwafiche. Februari 1944 askari wa Luluabourg waliasi. Hao ndio wenzao wa wale waliowashinda Waitaliani kule Saio, Ethiopia, Julai 1941. Mwezi uliofuata, Machi 1944, watu waliosoma wa mji uleule, makarani kama mimi, waliandika barua kwa serikali. Waliomba watambuliwe kama watu wa namna ya pekee, wasihesabiwe pamoja na watu wasiosoma. Ninajua walivyoteseka: mtu anaandika Kifaransa kizuri mchana kutwa, usiku anapigiwa kelele na polisi kama mtoto. Lakini kila ninapoikumbuka barua ile ninaona haya. Damu ya Elisabethville ilikuwa na miaka miwili na miezi mitatu, nao waliomba mlango wao peke yao.

Sasa Shinkolobwe. Iko karibu na Likasi, ile iliyoitwa Jadotville. Mawe yake yalijulikana tangu 1915, nayo yalichimbwa kwa ajili ya radiumu ya waganga. Mwaka 1937 mgodi ulifungwa, maji yakajaa. Lakini mkubwa wa Union Minière, Edgar Sengier, alikuwa ameonywa na watu wa sayansi kwamba ndani ya mawe yale kuna kitu cha kutisha. Mwisho wa 1940 zaidi ya tani 1,200 zilipelekwa New York zikawekwa Staten Island, katika mapipa ya chuma kupita 2,000. Zilikaa hapo karibu miaka miwili. Septemba 1942 afisa mmoja wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, aliingia ofisini kwa Sengier, na kwa nusu saa hivi wakapatana. Mapatano yaliandikwa katika karatasi ya manjano. Mimi ninayejaza karatasi tano ili mtu apewe jozi moja ya viatu vya kazi, nimelifikiri sana jambo hilo.

Kisha wahandisi wa jeshi la Marekani wakasaidia kuufungua mgodi tena, na mawe yakaendelea kutoka. Mwanzoni njia ilikuwa Lobito, kule Angola. Baadaye ikawa gari la moshi mpaka Port-Francqui, mashua mpaka Léopoldville, tena reli mpaka Matadi. Reli hiyo ya Port-Francqui inapita Bukama na Kamina. Ninyi mnaoijua stesheni ya Kamina, fikirini kidogo: mapipa yale yalipita pale, watu wakiuza mikate na karanga. Mawe ya Shinkolobwe yalikuwa na nguvu isiyoonekana, mengine yana uraniumu mpaka 65 katika 100, hali mawe ya mahali pengine yanahesabika kuwa mazuri yakiwa na moja. Waliochimba na waliopakia hawakuambiwa yanakwenda kufanya kazi gani.

Na huko Marekani? Nilipofika hapa katika kusoma kwangu nilifikiri nitaona tofauti ya usiku na mchana. Katika jimbo la Tennessee, mwaka 1942, serikali ilitwaa bonde la wakulima. Watu kama 3,000 waliondolewa, wengine walipewa majuma machache tu kuacha mashamba ya babu zao. Ukajengwa mji ulioitwa Oak Ridge, wenye ua na milango ya askari, usioandikwa katika ramani. Mwaka 1945 ulikuwa na watu 75,000. Kazi yao ilikuwa kutenga uraniumu, na sehemu kubwa ya uraniumu ya Wamarekani ilitoka kwetu. Wasichana wa vijijini walikaa mbele ya mashini wakitazama mshale na kuzungusha vifungo, saa nane kwa siku, pasipo kujua wanatengeneza nini. Mtu aliyeuliza sana alifukuzwa. Wafanyakazi weusi waliwekwa katika vibanda vya mbao vya chumba kimoja, wanaume upande wao na wanawake upande wao, hata kama ni mume na mke.

Jambo moja lilinichekesha. Kiwanda kimoja cha mji ule kilitaka waya nyingi ajabu kwa sumaku zake kubwa. Shaba ilikuwa haitoshi, yote imekwenda katika risasi na meli. Basi wakaazima feza nyeupe kutoka hazina ya serikali, zaidi ya tani 13,000, wakaifanya waya. Feza yenyewe ikashika kazi ya shaba! Na katika miaka hiyohiyo mchimba shaba wa Katanga alikuwa ameambiwa kwamba hakuna feza ya kumwongeza.

Lakini kuna tofauti moja. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la kwanza lilipoangushwa Hiroshima, na la pili Nagasaki tarehe 9, watu wa Oak Ridge walisoma gazetini siku ileile kazi waliyokuwa wakifanya. Wengine walishangilia, wengine, baada ya kufikiri wafu wale wa Japani, walinyamaza. Ilikuwa juu yao kuchagua. Mwaka 1946 Sengier alipewa nishani na serikali ya Marekani. Mchimbaji wa Shinkolobwe hakuitwa na mtu, wala kuambiwa, wala kupimwa mwili.

Ndiyo maana nimekuja na daftari hili. Liko juu ya meza, pamoja na kalamu mbili. Kama baba yenu au nkambo wenu alikwenda kukata mpira, au alichimba bati Manono, au alipiga kasia na samaki, au alikuwa askari Saio, au alikuwa Elisabethville Desemba ile, njoo useme jina lake, kijiji chake, na kazi aliyoifanya. Wanawake pia, msiseme hawakuwa na kazi ya kuandikwa. Asiyejua kuandika nitamwandikia mimi. Wa kwanza nimekwisha kuwaandika: nkambo wangu na kaka yake, wapiga kasia, Malemba mpaka Bukama.