Kupita Porini Pasipo na Njia

Ninyi mliokusanyika darasani huko Malampaka, fungueni kurasa zenu tusome pamoja.

Jioni moja ng'ombe mmoja hakurudi zizini. Mchungaji ni kijana wa miaka 14. Anaogopa kuulizwa na baba yake, basi anaingia kichakani peke yake kumtafuta. Huko hakuna njia. Migunga imeshikana, miiba inamvuta nguo, wala haoni hatua kumi mbele yake. Baada ya muda mfupi hajui tena kwao ni upande gani. Je, ungalimfundisha nini kijana huyo kabla hajaondoka? Hilo ndilo somo letu la leo.

Kwanza, jua kwamba kichakani miguu hudanganya. Wataalamu wa Ujerumani walijaribu jambo hili, wakatoa habari zake mwaka 2009. Waliwapeleka watu sita katika msitu mkubwa, wakawaambia waende moja kwa moja. Wanne walitembea siku ya mawingu, na wote wanne walizunguka. Wawili walioliona jua walikwenda sawasawa. Kwa hiyo usiseme, "Mimi nimezaliwa hapa, sipotei." Macho yakikosa kitu cha kufuata, hata mwenyeji hupotea.

Basi chagua kitu kisichohama. Sikilizeni kisa hiki cha kweli. Mwezi wa Januari 1943, wakati wa vita, Waitalia watatu walitoroka katika kambi ya wafungwa huko Nanyuki, Kenya. Walitaka kupanda Mlima Kenya. Hawakuwa na ramani. Walikuwa na picha ya mlima iliyobandikwa kwenye kopo la nyama. Mbele yao palikuwa na msitu mzito. Wakaufuata mto Nanyuki, maana mto hutoka mlimani. Mmoja aliugua, akabaki kambini kwao huko juu. Wawili, Felice Benuzzi na Giovanni Balletto, wakafika kilele cha Lenana. Walijaribu pia kilele cha Batian, lakini mlima uliwashinda, wakageuka. Siku ya 18 wote watatu walirudi wenyewe kwa waliowafunga, wana njaa lakini wazima.

Ninyi wa Malampaka mna reli. Inatoka Shinyanga, upande wa kusini, inapita kwenu, kisha inaelekea Mwanza. Kabla hujaingia porini jiulize, "Reli iko upande gani?" Ukipotea, shika upande huo. Ukiifikia, tembea kando yake, si juu yake.

Sasa shikeni mambo haya sita:

1. Panda jiwe kubwa au kilima kwanza. Tazama wapi pana uwazi na wapi pamesongamana. Kuzunguka penye uwazi ni upesi kuliko kukata katikati ya miiba.

2. Mlimani, pita mgongoni mwa mlima kama unaweza. Bondeni maji hukaa, na mimea husongamana.

3. Usishindane na pori kwa nguvu. Kukata kwa panga huchosha upesi. Vaa nguo ya mikono mirefu, kwa ajili ya miiba na upupu. Piga majani kwa fimbo kabla ya kuweka mguu, nyoka apate kuondoka.

4. Geuka nyuma mara kwa mara. Njia ya kurudi haifanani na njia ya kwenda. Funga vitambaa mitini.

5. Tumia jua asubuhi na jioni. Saa sita mchana, likiwa utosini, halionyeshi upande.

6. Weka saa ya kurudi kabla hujaondoka. Ukiingia saa tatu asubuhi, saa saba geuka, hata kama hujapata unachokitafuta. Mwambie mtu wa nyumbani saa hiyo. Ukipotea na usiku ukaingia, kaa mahali pamoja, upige kelele kila baada ya muda, ili wanaokutafuta wakusikie.

Jambo la sita ndilo gumu, kwa sababu kurudi mikono mitupu ni aibu. Lakini wazee husema, nusu shari heri kuliko shari kamili. Tena aibu hiyo mara nyingi tunaitia sisi wazazi. Kijana wetu aliingia kichakani jioni kwa kuogopa maneno ya baba yake. Basi, baba, leo ukirudi nyumbani mwambie hivi: "Ng'ombe akipotea, njoo uniambie. Kesho asubuhi tutakwenda wote." Ng'ombe hununuliwa tena, mtoto hanunuliwi.

Maswali ya kujadiliana:

1. Kwa nini mwenyeji pia hupotea kichakani?
2. Wafungwa wale walifuata nini? Ninyi mtafuata nini?
3. Mtoto akirudi bila ng'ombe, tumpokeeje?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.