Usanifu wa Midiaanuwai: Chuo Kikuu Kifundishe Fikra, Si Vibonyezo



Katika vyuo vikuu vya siku hizi limeingia somo ambalo miaka hamsini iliyopita halikuwa hata na jina katika Kiswahili. Somo hilo ni usanifu wa midiaanuwai, yaani ufundi wa kuunganisha maandishi, picha, sauti, filamu na michoro inayotembea ili vyote kwa pamoja vibebe ujumbe mmoja. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kimekwisha kuweka shahada ya kwanza ya teknolojia ya midiaanuwai na uhuishaji. Vijana wanalipenda somo hili, wazazi wanaligharimia, na fedha za umma zinalikopeshea. Kwa hiyo ni haki ya umma kuuliza: mwanafunzi akifika ngazi ya juu ya somo hili, afundishwe nini hasa?

Jibu linalotolewa upesi ni kwamba afundishwe programu mpya za kompyuta, na kadiri programu inavyokuwa ngumu ndivyo somo linavyokuwa la juu. Jibu hilo linavutia kwa sababu ni rahisi kulipangia ratiba na ni rahisi kulitungia mtihani. Lakini ni jibu lenye kasoro kubwa, na kasoro hiyo humwangukia kijana baada ya mwalimu kumaliza kazi yake.

Historia ya karibuni inatoa ushahidi. Mwaka 1996 ilitoka programu iliyokuja kujulikana kwa jina la Flash. Kwa zaidi ya miaka kumi ilitawala michoro inayotembea, michezo na masomo ya kwenye kompyuta. Duniani kote walimu walitunga mihula mizima juu ya programu hiyo: kibonyezo hiki hufanya hivi, kile hufanya vile. Simu ya iPhone ilipotoka mwaka 2007 haikuikubali Flash, na tarehe 31 Desemba 2020 kampuni ya Adobe ilikoma kabisa kuihudumia. Mwanafunzi aliyekuwa amekariri vibonyezo alibaki na cheti cha ujuzi uliokufa. Mwenzake aliyefundishwa jinsi mwendo unavyoonekana kuwa na uzito, jinsi jicho linavyosafiri katika picha, na jinsi sauti inavyotangulia au kufuata tendo, alihamia kwenye chombo kingine na kazi ikaendelea. Wote wawili walisoma miaka ileile na kulipa ada ileile.

MIZIZI YA SOMO

Si sahihi kudhani kwamba somo hili ni mgeni asiye na ndugu hapa nchini. Jina ni jipya, lakini kazi yenyewe imekwisha kufanywa, tena kwa ukubwa ambao vyuo vingi vya nchi tajiri havijaufikia. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 watu wazima wanaokadiriwa kufikia milioni 2 walikusanyika katika vikundi vijijini na mijini. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wamepewa mafunzo. Kikundi kilisikiliza kipindi cha redio, kikasoma kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili chepesi, kikajadiliana, halafu kikaamua la kutenda: kuchimba choo, kufyeka majani karibu na nyumba, kufukia madimbwi, kuchemsha maji. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai kwa mtindo huohuo.

Hakukuwa na kompyuta hata moja mikononi mwa wanakijiji wale. Hata hivyo kila kanuni ya usanifu wa midiaanuwai ilikuwapo. Redio ilifanya kazi ambayo kitabu hakiwezi: kuwaita watu wote saa moja na kuwapa moyo wa kuwa pamoja. Kitabu kilifanya kazi ambayo redio haiwezi: kubaki nyumbani ili neno lililopita lirudiwe. Mazungumzo yalifanya kazi ambayo redio na kitabu haviwezi, nayo ni kusikiliza. Kila chombo kilipewa zamu yake na mipaka yake. Mafanikio yake hayakutangazwa kwa uzuri wa kipindi. Yalionekana katika vyoo vilivyochimbwa, na vyoo huhesabika.

Hicho ndicho kipimo ambacho somo la ngazi ya juu linapaswa kukirithi. Ujuu wa somo uko katika uwezo wa mwanafunzi kuamua ni chombo gani kitumike, kwa nani, kwa sababu gani, na kuthibitisha kwamba kimefanya kazi.

MAMBO MANNE

Ili jambo hili lisibaki kuwa maneno matupu, na tuchukue zoezi moja tu: wanafunzi watengeneze picha inayotembea ya dakika 2 kuhusu mazalio ya mbu, kwa ajili ya wazazi wanaokuja kliniki na watoto wachanga. Katika zoezi hilo moja kuna mafunzo ya muhula mzima.

Kwanza ni kumjua mtazamaji. Kabla ya kufungua kompyuta, mwanafunzi aende kliniki, akae kwenye benchi, asikilize. Atakuta kwamba mama ana mtoto mkononi na jicho moja kwenye foleni. Kwamba ukumbi una kelele. Kwamba wengine wanaita viluwiluwi vijidudu vya maji na hawavihusishi na mbu hata kidogo. Hapo atatambua kwamba ujumbe wake mkuu ni ule uhusiano: kiluwiluwi ndiye mbu wa juma lijalo. Mwanafunzi aliyebaki maabara angechora mbu mkubwa wa kutisha, na mama angeona mnyama asiyemjua.

Pili ni kujua jinsi akili inavyopokea. Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California kule Santa Barbara, ametumia miaka mingi kupima jinsi watu wanavyojifunza kwa maneno na picha, na kitabu chake cha mwaka 2001 kimekuwa msingi wa somo hili. Kwa muhtasari, akili ina mlango wa macho na mlango wa masikio, na kila mlango ni mwembamba. Picha ikielezwa kwa sauti, milango yote miwili hufanya kazi. Maneno yaleyale yakiandikwa tena juu ya picha, jicho hulazimika kusoma na kutazama kwa wakati mmoja, na yote mawili hulegea. Muziki na mapambo yasiyo na kazi nayo huiba nafasi ya ujumbe. Lakini hapa ndipo pa kufundishia busara pia, kwani kiziwi anayahitaji maandishi yale ambayo mwingine yanamsumbua. Msanifu aliyeiva huyaweka yaweze kuwashwa na kuzimwa, wala hamsahau mmoja kwa ajili ya mwingine.

Tatu ni hesabu. Kuna kasumba ya kudhani kwamba sanaa na hesabu ni maadui. Filamu ya fremu 24 kwa sekunde huhitaji picha 2,880 kwa dakika 2. Mchoraji mwenye akili hushikilia kila mchoro kwa fremu mbili, akabaki na michoro 1,440. Fremu moja yenye nukta 1,920 kwa 1,080 hubeba nukta 2,073,600, na kila nukta huchukua baiti 3 za rangi. Dakika 2 za fremu hizo, bila kubanwa, hufikia karibu gigabaiti 18. Hakuna mzazi atakayenunua bando la kiasi hicho ili ajue habari za mbu. Picha ikipunguzwa na kubanwa kufikia megabiti 1 kwa sekunde, kazi ileile hushuka hadi megabaiti 15 hivi. Tena ubanaji huweka zaidi yale yaliyobadilika kutoka fremu moja hadi nyingine. Kwa hiyo mandhari iliyotulia humpunguzia mtazamaji gharama, na kamera inayoyumbayumba bila sababu humwongezea. Uamuzi wa msanii umegeuka kuwa shilingi mfukoni mwa mwananchi. Mwanafunzi asiyelijua hilo hajafika ngazi ya juu, hata kama michoro yake inameremeta.

Nne ni ushirikiano. Kazi ya namna hii huhitaji mwandishi, mchoraji, mtu wa sauti na mtunzi wa programu. Vyuo vikuu vimezoea kuwatenga watu hawa: huyu idara ya sanaa, yule idara ya kompyuta, na wa tatu idara ya lugha. Hapana budi waketi meza moja. Wala Kiswahili kisiachwe mwisho kama rangi ya kupakia juu ya kazi iliyokwisha fikiriwa kwa lugha nyingine. Mwaka 2014 katuni za Ubongo Kids, zilizotengenezwa Dar es Salaam, zilianza kuwafundisha watoto hesabu na sayansi kwa Kiswahili, na watoto hawakuona kwamba wanafundishwa kwa lugha ya kuazima.

HOJA YA AJIRA

Iko hoja inayopingana na haya yote, nayo isidharauliwe. Mwajiri hamwulizi kijana habari za milango ya akili. Anamwuliza kama anaijua programu inayotumika ofisini kwake. Kijana wa mkulima, mwenye deni la mkopo na wadogo wanaomngojea, hana nafasi ya kuwa mwanafalsafa asiye na kazi. Hoja hiyo ni ya kweli, na chuo kitakachoipuuza kitakuwa kinawadhulumu wale wanyonge kinaodai kuwatetea.

Lakini jibu lake si kurudi kwenye kukariri vibonyezo. Chombo kifundishwe, tena kwa bidii, ila kifundishwe ndani ya kazi. Seremala hujifunza randa kwa kutengeneza meza. Hakuna anayesoma randa muhula mzima bila ubao. Na mwanafunzi ahame chombo angalau mara moja kabla ya kuhitimu, afanye kazi ileile kwa programu ya pili, ili aone mwenyewe kipi ni chake na kipi ni cha kampuni.

Kuhusu gharama, umaskini usiwe kisingizio. Programu ya Blender, ya kutengenezea michoro inayotembea, ni huru tangu mwaka 2002, baada ya watu wa nchi mbalimbali kuchanga euro 100,000 ili ikombolewe mikononi mwa wenye mtaji. Mtu yeyote huipata bila malipo. Mwaka 2025 filamu ya Flow, iliyotengenezwa kwa Blender chini ya uongozi wa Gints Zilbalodis wa Latvia, nchi yenye watu wasiofika milioni 2, kwa kushirikiana na Ufaransa na Ubelgiji, ilitwaa tuzo ya Oscar ya filamu bora ya michoro. Filamu hiyo haina hata neno moja la mazungumzo, na ilishindana na kazi za makampuni makubwa ya Marekani.

MTIHANI WA MWISHO

Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alionya juu ya elimu inayomtenga msomi na jamii iliyomsomesha. Onyo hilo linaligusa somo hili kuliko mengi, kwa kuwa kioo cha kompyuta kina hila ya kumfanya mtu ajitazame mwenyewe.

Kwa hiyo mtihani wa mwisho wa somo la ngazi ya juu usimalizikie mbele ya maprofesa peke yao. Ile picha ya mbu irudishwe kliniki. Mama aitazame mara moja, kisha aulizwe maswali mawili: umeona nini, na ukifika nyumbani utafanya nini? Akijibu kwamba ameona rangi nzuri, kazi irudiwe. Akijibu kwamba leo jioni atamwaga maji yaliyo katika tairi nyuma ya nyumba, mwanafunzi huyo apewe alama zake, kwani amefaulu.