Utafiti Usiishie Kwenye Makaratasi

Leo tunaongea juu ya kuhara kwa watoto. Tiba yake ilijulikana zamani, lakini bado haijamfikia kila mtoto.

Kinachoua hasa ni kukaukiwa na maji na chumvi mwilini. Mwaka wa 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi waliokuwa India walishikwa na kipindupindu, na dripu hazikutosha. Daktari Dilip Mahalanabis akawanywesha maji yenye chumvi na glukosi, jinsi watafiti walivyokuwa wamegundua. Vifo kambini vilikuwa karibu 30 kwa kila wagonjwa 100. Vikashuka hadi chini ya 4.

Baadaye watafiti wakaona kwamba zinki hupunguza siku za kuhara. Mwaka wa 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishauri mtoto apewe vyote viwili, ORS na zinki.

Basi, kwa nini mama mwingine bado anarudi nyumbani na antibiotiki peke yake? Pengine yeye mwenyewe anaamini sindano ndiyo dawa. Pengine muuguzi hataki kubishana naye. Pengine zinki imeisha stoo. Utafiti hautembei wenyewe, ni sisi tutaufikisha. Tufanyeje?

1. Mtoto akianza kuhara, mpe ORS palepale nyumbani. Soma pakiti vizuri: kuna ya nusu lita na ya lita moja. Tumia maji safi, na yakimaliza saa 24 yamwage. Endelea kumnyonyesha na kumlisha.

2. Zahanati ulizia zinki. Ni miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14. Aliye chini ya miezi 6 hupewa miligramu 10. Amalize dawa hata kama kuhara kumekoma.

3. Ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani, amelegea ama hawezi kunywa, mkimbize zahanati mara moja. Hapo ndipo antibiotiki au dripu huweza kuhitajika.

4. Kila kikundi kichague mtu wa kuuliza kamati ya zahanati kila mwezi: ORS ipo? Zinki ipo? Ikikosekana, tufuatilie pamoja mpaka iletwe.

Haba na haba hujaza kibaba, na kijiko kwa kijiko huokoa mtoto.