NANI ATAKAA KATIKA NYUMBA MPYA?

(Hotuba ya Kamati ya Tawi mbele ya mkutano wa wanachama, Nakuru. Tumeipiga chapa humu kwa sababu wanachama wengi walikuwa zamu siku ile na hawakuweza kuhudhuria.)



Tumewaita leo kwa jambo moja tu, nalo ni nyumba. Pengine wako watakaouliza, kwa nini chama cha wafanyakazi kiache habari za mshahara na kushika habari za nyumba? Twaomba mtusikilize mpaka mwisho. Mtaona ya kuwa jambo hili ni la mshahara vile vile.

Mji wetu umekua mbele ya macho yetu. Reli ilifika hapa mwaka 1900. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 tulikuwa watu 570,674. Tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ilipewa hati ya kuwa jiji, la nne katika Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Siku ile tulipiga makofi, na tulikuwa na haki ya kupiga makofi, maana mikono iliyoujenga mji huu ni yetu.

Lakini jina la jiji lina gharama zake. Tazameni jinsi mji ulivyokaa. Kaskazini kuna mlima wa Menengai na shimo lake. Kusini kuna ziwa na mbuga ya wanyama. Mji hauwezi kupanuka huku wala huku, hunyooka tu mashariki na magharibi kama kamba. Kwa hiyo ardhi ya katikati ni kidogo, na kila mwaka inazidi kuwa ghali. Na katikati hapo ndipo palipo mitaa yetu ya zamani: Bondeni, Flamingo, Kivumbini, Kaloleni, Kimathi, Ojuka, Lumumba, Abong'lo, Shauri Yako. Zamani hapana mwenye fedha aliyeitamani ardhi hii. Leo wanaitazama sana.

Na tukumbuke mambo mawili yamekwenda pamoja. Bei ya ardhi ilipokuwa ikipanda, kazi za viwanda zilikuwa zikishuka. Kiwanda cha betri cha Eveready kilifungwa hapa mwaka 2014. Kazi ya pareto, iliyowalisha watu wengi wa mji huu na mashamba yake, ilianguka hata kabla ya hapo. Basi mfanyakazi wa Nakuru amebanwa pande mbili kama mji wenyewe.

Sasa twataka kuwakumbusha nyumba hizi zilitoka wapi. Wakati wa ukoloni mfanyakazi Mwafrika alihesabiwa kuwa mtu mmoja asiye na mke wala watoto. Alipewa chumba cha kulala, na mshahara wa kumtosha yeye peke yake, familia ikae mashambani. Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter, iliyoundwa na serikali ile ile ya kikoloni, ilikiri ya kuwa mshahara wa namna hiyo haufai, na ya kuwa mfanyakazi apaswa kulipwa kiasi cha kuishi na jamaa yake mjini. Lakini vyumba vilibaki vile vile vidogo. Ni sisi, na wazee wetu na mama zetu, tuliovigeuza vyumba vya vibarua kuwa mitaa ya watu.

Hapa ndipo tunapofika kwenye shina la maneno yetu. Ndugu zetu, mtaa ni sehemu ya mshahara.

Tufanye hesabu. Mtu anayekaa Kivumbini akafanya kazi katikati ya mji huenda kazini kwa miguu. Mhamishe mtu huyo mpaka nje ya mji. Tuseme nauli ya matatu ni shilingi 50 kwenda na 50 kurudi. Kwa siku 26 za kazi hizo ni shilingi 2,600 kila mwezi. Karatasi ya mshahara itaonyesha fedha zile zile, lakini mshahara wake umekatwa, na hakuna mwajiri aliyesaini makato hayo.

Si nauli tu. Mama anayefanya zamu ya usiku humwachia jirani watoto, naye hatoi senti, maana kesho na yeye atamlindia wake. Mwenye duka humwandikia mtu unga na sukari katika daftari mpaka mwisho wa mwezi, kwa sababu amemjua kwa miaka kumi. Mtu akifiwa, mtaa huchanga na maiti husafirishwa. Kuna chama cha akina mama cha kila Jumapili. Kuna fundi anayetengeneza viatu sasa na kulipwa baadaye. Hayo yote ni mali, ingawa hayamo katika daftari la benki yo yote. Mtaa ukivunjwa na watu wakatawanyika, mali hiyo haihamishiki kwa mkokoteni pamoja na kitanda. Huko aendako, mtu huanza kama mgeni, na mgeni hununua kila kitu kwa fedha taslimu.

Liko na jambo lingine lisilopimwa kwa shilingi. Katika mitaa hii ya zamani watu wa makabila yote wanatumia bomba moja na kamba moja ya kuanikia nguo. Mnakumbuka Januari 2008, damu ilipomwagika katika mji huu baada ya uchaguzi. Baada ya siku zile watu wengi wa Nakuru walihama wakafuata walipo wa lugha yao. Kwa hiyo mtaa ambao bado umechanganya watu ni kitu cha kutunzwa. Watoto wa mitaa hii hufahamiana katika kiwanja cha mpira na katika ndondi. Philip Waruinge, aliyeiletea Kenya nishani ya shaba kutoka Mexico mwaka 1968 na ya fedha kutoka Munich mwaka 1972, alitoka katika ndondi za Nakuru. Vijana waliomtazama hawakumwuliza kabila lake.

Je, tunapinga nyumba mpya? La, hatupingi. Tuseme kweli. Nyumba nyingi za zamani zimechoka. Watu wengi hutumia choo kimoja. Watoto wanne na wazazi wao hulala chumba kimoja, pazia likiwa ndilo ukuta. Baraza la mji lilikuwa mwenye nyumba mvivu, na tangu mwaka 2013 nyumba hizo zilipoingia mikononi mwa serikali ya kaunti, hatuwezi kusema kila bati limetengenezwa. Atakayewaambia ya kuwa umaskini huu ni desturi yetu na usiguswe, huyo halali humo.

Swali letu ni lile la kichwa cha hotuba hii. Nani atakaa katika nyumba mpya?

Katika Bondeni zimejengwa nyumba 605 katika mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu. Nasi sote tunachangia mpango huo. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 inamkata mfanyakazi shilingi moja na nusu katika kila mia ya mshahara, na mwajiri hutoa kiasi kile kile. Mwenye mshahara wa shilingi 20,000 hukatwa 300 kila mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Basi hatuendi kuomba sadaka. Tunakwenda kuuliza habari za fedha zetu.

Sasa tuseme nyumba yauzwa shilingi milioni mbili, na mnunuzi atakiwa kuweka kwanza sehemu moja ya kumi, kama utaratibu wa mwanzo wa mpango huo ulivyotaka. Hizo ni shilingi 200,000. Kwa mtu wa mshahara wa 20,000 huo ni mshahara wa miezi kumi, bila kula, bila kuvaa, bila karo ya shule. Atazitoa wapi? Anayeweza kuzitoa ni mtu mwingine, mwenye mshahara mkubwa au mwenye duka lake. Hatumchukii mtu huyo. Lakini ikiwa yeye ndiye atakayekaa mahali petu, tusiambiwe ya kuwa nyumba zilijengwa kwa ajili yetu.

Na mambo haya huja polepole bila tingatinga. Jengo jipya husimama. Mwenye ploti ya jirani huona, naye huongeza kodi. Kibanda cha mboga huambiwa kinaharibu sura ya barabara. Duka la daftari hufungwa, hufunguliwa duka lisilokopesha. Mpangaji mmoja huondoka mwezi huu, mwingine mwezi ujao, kila mmoja akidhani ni shida yake peke yake. Baada ya miaka mitano mtaa una jina lile lile na watu wengine.

Tujifunze kwa wenzetu. Kule Muthurwa, Nairobi, palikuwa na landi za wafanyakazi wa reli. Mwaka 2010 wakaaji, na miongoni mwao wazee waliostaafu reli, waliambiwa watoke kwa muda wa siku 90, na ubomoaji ukaanza. Mwenye ardhi alikuwa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli wenyewe. Fikirini hayo: mali ya wafanyakazi ikitumiwa kuwatoa wafanyakazi. Wakaaji walikwenda Mahakama Kuu. Hukumu ilitolewa Agosti 2013, na mahakama ikasema haki zao zilivunjwa, pamoja na haki ya makao iliyoandikwa katika Katiba ya 2010, kifungu cha 43. Mahakama iliagiza pande zote mbili zikae pamoja zipange utaratibu. Lakini haikuwapa nyumba zile. Fundisho lake ni hili: sheria hukupa kiti mezani, wala haikulii chakula. Mwenye kwenda mezani bila karatasi na bila umoja atarudi na njaa.

Fundisho la pili ni la Kibera. Mwaka 2016 nyumba 822 zilikabidhiwa watu waliohamishwa kutoka Soweto Mashariki. Wako waliopata nyumba, kisha wakazipangisha kwa watu wenye fedha na kurudi vibandani, kwa sababu nyumba ilikuwa na gharama na mfuko ulikuwa mtupu. Kumpa mtu ufunguo hakutoshi ikiwa hawezi kulipia yanayofuata ufunguo.

Twajua wako wanachama wasiokaa katika nyumba za kaunti. Wengi wamepanga kwa watu binafsi huko Rhonda, Kaptembwo na Free Area, na wenzetu wa mashamba ya maua ya Naivasha wako Karagita na Kamere. Hao hali yao ni ngumu zaidi, maana mwenye nyumba ni mtu mmoja mmoja na hakuna baraza la kuliendea. Iko Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba na mahakama yake ndogo, lakini sheria hiyo yahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho ni cha zamani sana. Anayelipa 6,000 hana mlango wa kubisha. Twataka wabunge wetu wakipandishe, na twataka waulizwe habari hiyo kila wanapokuja kuomba kura.

Kabla ya kutaja madai yetu, tujilaumu kidogo. Wako miongoni mwetu waliopangishwa nyumba na baraza kwa kodi ndogo, nao wakampangisha mwingine kwa mara tatu ya kodi ile. Wenyewe wako mahali pengine. Siku ya kuandika majina, aliye ndani hana risiti, na mwenye risiti hayumo ndani. Mwenye mradi hufurahi sana akiona hivyo, maana huweza kusema hapana mpangaji wa kweli. Jambo hili tulimalize wenyewe kabla hatujamalizwa nalo.

Kwa hiyo Kamati yawaletea mambo matano ili myakubali au myakatae.

La kwanza. Tuandike daftari letu wenyewe, nyumba kwa nyumba: nani anakaa, tangu mwaka gani, anafanya kazi wapi, na nani ana kibanda cha biashara. Wapangaji wa ndani nao waandikwe.

La pili. Mtaa wo wote usibomolewe kabla ya kupatikana ahadi iliyoandikwa na kusainiwa, kwamba mpangaji wa zamani ndiye wa kwanza kurudi, na kwamba wakati wa ujenzi atapata mahali pa kukaa karibu na kazi yake.

La tatu. Nyumba zisiuzwe zote. Sehemu yake zibaki za kupangisha, kwa kodi inayolingana na mishahara yetu, na chini ya majengo pawe na nafasi za wachuuzi wale wale.

La nne. Atakayepata nyumba asiiuze kwa tamaa ya mwaka mmoja. Sheria ya 2024 yenyewe yataka idhini ya Bodi kabla ya kuuza, na sisi twataka idhini hiyo isiwe ya kununuliwa.

La tano ni la waajiri. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, yasema mwajiri ampe mfanyakazi nyumba ya kufaa au ampe fedha za kutosha kulipia kodi. Neno ni kutosha. Katika mapatano yajayo tutaweka mezani kodi halisi za Nakuru, kwa risiti zenu, na kuuliza kama posho ya nyumba inatosha.

Ndugu zetu, kazi ya daftari itaanza Jumamosi ijayo baada ya mshahara. Njooni na risiti za kodi, hata kama zimechakaa. Asiye na risiti aje na jirani wa kumshuhudia. Walio zamu watume mke au mume. Siku ya mazungumzo itakapofika hatutaulizwa tuliupenda mtaa wetu kiasi gani. Tutaulizwa tuko wangapi, na majina yako wapi. Wazee walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Basi tuwepo.