Hesabu za Mbu: Kwa Nini Utafiti wa Hisabati na Baiolojia Unahitaji Fedha za Kudumu

Maelezo yaliyotolewa kwa wananchi katika kikao cha maoni kuhusu bajeti



Katika vikao vya bajeti wananchi huomba barabara, maji, dawa na basari. Ni nadra mtu kusimama na kuomba utafiti. Hata hivyo, chandarua chenye dawa kilichotundikwa juu ya kitanda cha mtoto ni tunda la utafiti, na utafiti huo ulihitaji watu wa aina mbili: wanaomjua mbu na wanaojua hesabu.

Mwaka 1897, akiwa India, daktari Ronald Ross aligundua vimelea vya malaria ndani ya mbu. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1902. Wasilolijua wengi ni kwamba Ross alikuwa mpenzi wa hisabati. Wapo waliosema kwamba mbu hawawezi kumalizwa, kwa hiyo kupambana nao ni kazi bure. Ross alionyesha kwa hesabu kwamba si lazima mbu wote wafe. Wakipunguzwa chini ya kiwango fulani, malaria hufifia yenyewe.

Katika miaka ya 1950, mtaalamu mwingine, George Macdonald, aliongeza jambo la maana. Vimelea vikishaingia ndani ya mbu huhitaji siku kumi hivi au zaidi ili vikomae. Mbu akifa kabla ya siku hizo, hawezi kuambukiza mtu. Chukua mbu 100. Ikiwa kila siku 90 kati ya kila 100 wanabaki hai, baada ya siku kumi watakuwa wamebaki 35 hivi. Wakibaki hai 70 kati ya kila 100 kwa siku, baada ya siku kumi watabaki watatu tu. Idadi ya wanaobaki hai kila siku imepungua kiasi tu, lakini hatari imeshuka zaidi ya mara kumi. Ndiyo sababu dawa inayomuua mbu mzima, iwe ukutani au kwenye chandarua, ina nguvu kubwa kuliko mtu anavyodhani.

Hapa Kenya, Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu, KEMRI, na shirika la Wellcome la Uingereza zilianzisha mpango wa utafiti mjini Kilifi mwaka 1989. Katika miaka ya mwanzo ya 1990, vyandarua vyenye dawa vilijaribiwa katika vijiji vya kaunti hiyo ya leo, na vijiji vingine vikalinganishwa navyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1996 yalionyesha kuwa vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa takriban theluthi moja. Bila kuhesabu kila mtoto, kila kijiji, hakuna mtu angejua hivyo.

Kisha ikaja korona. Katikati ya mwaka 2020, visa vilivyotangazwa nchini vilikuwa elfu chache tu. Watafiti wa Kilifi walipima damu ya wachangiaji 3,000 hivi wakitafuta kingamwili. Wachangiaji damu hawafanani na Wakenya wote: hakuna watoto miongoni mwao, na si kila eneo lina idadi sawa. Wataalamu wa takwimu walirekebisha hesabu kwa umri, jinsia, eneo na usahihi wa kipimo. Jibu likawa asilimia 4.3. Maana yake, virusi vilikuwa vimeenea mbali sana kuliko visa vilivyotangazwa. Maabara peke yake isingesema hayo, wala kikokotoo peke yake.

Mataifa tajiri yameona faida ya kuwaweka watu hawa chini ya paa moja. Mwaka 2023, mjini Chicago, Marekani, ilianzishwa taasisi ya kitaifa ya hisabati na baiolojia inayoendeshwa na vyuo vikuu vya Northwestern na Chicago. Ilipewa dola milioni 50 kwa miaka mitano. Nusu ilitoka kwa shirika la serikali linalofadhili sayansi, na nusu kwa wakfu wa Simons. La kuangalia zaidi ni ile miaka mitano. Mtaalamu wa hesabu huchukua muda kumwelewa daktari, na daktari kumwelewa mtaalamu wa hesabu. Fedha za mwaka mmoja haziwezi kujenga uelewano huo.

Kenya ina sheria nzuri. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 inataka asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye Hazina ya Kitaifa ya Utafiti. Kiasi hicho hakijafikiwa. Sehemu kubwa ya fedha za utafiti wa afya imekuwa ikitoka nje, nao wananchi waliona mwaka 2025 jinsi misaada ya afya ya Marekani ilivyosimamishwa ghafla. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Kuna atakayeuliza: zahanati haina dawa, iweje pesa ziende kwa wapiga hesabu? Swali hilo ni halali. Lakini dawa zikinunuliwa bila kujua wagonjwa wako wapi, zitaoza ghalani upande mmoja huku upande mwingine mama akirudishwa nyumbani mikono mitupu. Hesabu nzuri ndiyo inayofikisha dawa chache mahali panapostahili.

Kaunti haitarajiwi kujenga taasisi kama ya Chicago. Lakini chini ya Katiba ya 2010, hospitali na zahanati za kaunti ziko mikononi mwa kaunti, na humo ndimo data huanzia. Rejista ya wagonjwa ikijazwa ovyo, hakuna mtaalamu atakayeiokoa. Kwa hiyo wananchi wanaweza kudai mambo matatu: karani wa rekodi katika kila kituo, mafunzo kwa wahudumu wa afya ya jamii kuhusu utunzaji wa takwimu, na basari kwa vijana wanaosomea takwimu na baiolojia.

Nafasi ya kudai ipo kisheria. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, mwongozo wa mikakati ya fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kila hatua ina nafasi ya maoni ya umma. Anayengoja hadi Juni huwa amechelewa.

Wananchi waendelee kuomba barabara na maji. Waongeze na swali hili kwa kila afisa anayesimama mbele yao: wagonjwa wangapi, kijiji gani, na nani amehesabu?