Kata Simu Kwanza

Msikilizaji, tapeli wa simu anategemea kitu kimoja: haraka yako.

Atakwambia mwanao ameanguka shuleni, tuma hela ya matibabu sasa hivi. Au atajifanya mtu wa kampuni ya simu: laini yako inafungwa, nitajie namba ya siri. Tena atakusihi usikate. Hapo ndipo ujanja wake ulipo. Moyo ukienda mbio, mtu huona jambo moja tu, lile aliloambiwa. Husahau hata kujiuliza: mbona mwalimu anapiga kwa namba nisiyoijua?

Kwa hiyo, kata simu kwanza. Wala si utovu wa adabu. Mwenye shida ya kweli atapatikana tena. Vuta pumzi taratibu. Kisha piga wewe, kwa namba uliyokuwa nayo siku zote: ya mwalimu, ya shangazi, ya jirani. Mweleze na mtu aliye karibu. Yeye hajashikwa na hofu, ataona usichokiona.

Namba ya siri usimtajie yeyote, hata akikuamkia shikamoo.

Kwa mlioko Tanzania, namba ya tapeli itumeni kwenda 15040. Narudia: moja, tano, sifuri, nne, sifuri. Umeshatuma pesa? Usikae na aibu. Piga 100, huduma kwa wateja, omba muamala uzuiwe. Wahi kabla hajazitoa.

Na leo hii mweleze bibi na babu nyumbani: simu ya kuharakisha pesa, ikatwe kwanza.