Bwawa la Songwe na Walio Chini ya Mto

Mto Songwe ukifurika masika hula mashamba ya mpunga na kuhama mkondo, na mpaka wetu na Malawi umekuwa ukihama nao. Kwa hiyo bwawa linalopangwa na nchi hizi mbili, kupitia kamisheni yao ya pamoja yenye makao hapa Kyela, lina sababu nzito: kudhibiti mafuriko, kuzalisha umeme, kumwagilia. Anayelipinga moja kwa moja hajaona jaruba lililofukiwa mchanga wakati mpunga unaanza kuchanua.

Lakini hesabu za fidia humtazama zaidi mtu wa juu, ambaye ardhi yake itazama. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinataka alipwe kikamilifu, kwa haki na kwa wakati. Je, wa chini? Maji yale yale yanayobomoa ndiyo yanayoleta tope la rutuba. Samaki mbasa naye hupanda mito kutoka Ziwa Nyasa kutaga kwenye changarawe; ukuta ukimzibia njia, mvuvi wa ufukweni hupungukiwa, na hana shamba wala mti wa mkakao wa kuthaminiwa.

Wapo watakaosema skimu ya umwagiliaji itawafuta machozi. Itamfaa atakayepewa kitalu. Mama anayekodi jaruba kwa msimu, au anayekausha samaki wa kuuza, atakosa fidia na kitalu pia asipoandikishwa. Basi mikutano ya vijiji iulize sasa, kabla ya katapila kufika: nani atagawiwa vitalu, maji yatafunguliwa miezi gani, na nani atawajulisha watu wa chini kabla ya mageti kufunguliwa?